Vidole Vitatu

Kariakoo, Jumapili mchana

Dada Yustina, shikamoo. Mimi mzima, ila mvua imejaza maji Jangwani na viatu vyangu havikauki.

Jana sisi walimu wa kwaya tulikwenda Upanga kumsikiliza Bi Jarmila, mama kutoka Chekoslovakia anayepiga kinanda cha kale, kile ambacho nyuzi zake hudonolewa ndani. Sauti ya kinanda hicho ni nyembamba, tukainama mbele ili tuisikie.

Alipomaliza nilimpa mkono, nikashtuka. Vidole vyake viwili vimepinda, havinyooki. Kijana mmoja aliyesoma kwao akanitafsiria. Wakati wa vita, akiwa msichana, Wajerumani walimfunga kambini na mama yake, wakawabebesha mawe kwenye baridi. Mama alifia huko. Yeye aliporudi, mwalimu wake wa kinanda aliitazama ile mikono akalia, akamshauri atafute kazi nyingine.

"Ukafanyaje?" nikamwuliza.

"Nilianza upya, benchi moja na watoto wa miaka saba. Niliona aibu mwaka mzima, kisha aibu ikachoka."

Nikamsimulia jinsi moto ulivyokuunguza mkono, na kwamba tangu Pasaka hujagusa kinanda cha kanisani. Hakunipa pole. Aliuliza tu, "Vidole vingapi vinasogea?"

Nikasema vitatu. Akaniomba kadi hii niliyokuwa nimekununulia, akaandika noti unazoziona pembeni. Ni wimbo mfupi wa vidole vitatu.

Ufunguo wa kanisa anao katekista. Mwombe, dada yangu. Nakutaja kila ninaposali.

Mdogo wako,
Agnesi