Saa ya Zambia kwenye simu yangu

Jumanne, Tunduma. Manyunyu tangu asubuhi, na baridi ya kushinda na sweta ndani ya nyumba. Nimekaa jikoni kwa dada Atu, chai imepoa, na sijui nianzie wapi.

Niko likizo. Dar najifunza kuondoa damu iliyoganda kwenye mishipa ya ubongo: unaingiza mrija mwembamba pajani, unaupandisha taratibu hadi kichwani, unaivuta. Mgonjwa wa kiharusi akiwahi, anaweza kuinuka. Kwetu Itaka wameshanibatiza daktari wa kuvuta damu, na mimi sikatai sana.

Ukweli ni kwamba sijaruhusiwa kufanya peke yangu. Kanuni zinataka wagonjwa kadhaa chini ya jicho la mwalimu, kisha wanapima kila kitu: umetumia muda gani, mshipa umefunguka kiasi gani, nani amevuja damu, nani anatembea miezi kadhaa baadaye. Wiki iliyopita mkurugenzi wa hospitali moja binafsi, mkoa wa jirani, alinipigia. Wamenunua mashine, wanataka nianze kazi hiyo peke yangu mwezi ujao. Nilimwambia nitafikiri.

Moyoni nilikuwa nimeshakubali.

Jana saa mbili asubuhi Mama Subi, jirani yetu anayeuza vitenge, alianguka dukani kwake. Mdomo ukaenda upande, mkono wa kulia ukalegea. Walidhani ni presha, wakamlaza apumzike. Binti yake Subi alipokuja kunigongea, nilitazama simu: saa nne. Nikampigia daktari wa zamu hospitali ya rufaa, nikamwambia zimepita saa mbili tu, tukiondoka sasa tutaiwahi dawa ya kuyeyusha damu. Subi naye nikamwambia tuko ndani ya muda. Njiani akawa anamrudilia mama yake maneno hayo hayo.

Tulipofika Nanyala, mbali na mpaka, nikatazama simu tena. Ilikuwa imeruka saa nzima mbele.

Mtu yeyote wa Tunduma anajua jambo hili. Karibu na mpaka simu hushika mtandao wa Zambia, na saa inarudi nyuma. Wafanyabiashara huulizana kabisa: saa ya kwetu au ya Zambia? Mimi niliyezaliwa mkoa huu huu sikuuliza.

Nilimpigia daktari wa zamu kumrekebishia, kwa Kiingereza kama tulivyozoea kazini. Kumbe Subi aliponigongea zilishapita saa tatu, na dawa ile mwisho wake ni saa nne na nusu; hadi tufike, ingekuwa hatari. Ingeweza kumvujisha damu kichwani. Ilibaki njia moja, kuivuta ile damu iliyoganda. Nikampigia mkurugenzi. Akasema mlete, chumba kiko tayari.

Kisha nikampigia profesa wangu, naye kwa Kiingereza. Hakunikaripia. Aliuliza saa kwanza, nikamweleza yaliyotokea.

"Mikono yako naiamini," alisema. "Mshipa ukipasuka, nani atakuwa amesimama nyuma yako?"

Hakuna.

Tukaendelea na safari ya hospitali ya rufaa. Subi alikuwa ameelewa niliyozungumza na mkurugenzi tu. "Mama mdogo," aliniuliza, "si ndiyo kazi uliyosomea?"

Nikamjibu, "Bado."

Mama Subi yu hai. Mkono wa kulia haujarudi, na jina la binti yake linatoka nusu. Labda ningeufungua ule mshipa. Labda ningemuua. Sijui, na kutojua huko kunaniuma.

Nilikuwa naziona zile kanuni kama njia ya wakubwa kutuchelewesha. Nilidhani zinapima mikono tu. Lakini swali la kwanza kabisa tunalofundishwa ni tangu lini mgonjwa yuko hivi, na hilo nimelikosea nikiwa nyumbani kwetu.

Leo nimemjibu mkurugenzi. Nitakuja nikimaliza mafunzo, na wagonjwa wangu wa kwanza profesa awe pembeni. Akasema wapo watakaokubali kuanza hata kesho. Najua wapo.

Subi anadhani tulicheleweshwa na malori barabarani. Kesho nikienda wodini nitamwambia kuhusu saa. Natafuta maneno tangu asubuhi, na kila nikianza namsikia kwenye kiti cha nyuma, amemshika mama yake mkono: tuko ndani ya muda, mama, tuko ndani ya muda.