Usirudi Nyumbani Sikukuu ya Mikaeli

Steinbrunn, Thuringia,
Tarehe 12 Septemba, 1850

Mpendwa mjukuu wangu Rosine,

U mzima huko shuleni? Unakula? Pentekoste ulikuja umekonda kama mpini wa reki, nami sikupendezwa. Sisi tunaendelea. Goti langu linauma likitaka, baba yako anakohoa na chai ya maua hataki. Tumeanza kuchimba viazi.

Sasa nikugombeze. Nasikia baba yako amekuita uache masomo, urudi sikukuu ya Mikaeli mwisho wa mwezi huu, nawe umekubali. Upesi hivyo? Ule ukaidi uliourithi kwangu umeuweka wapi?

Najua maneno yake. Anasema mwanamke hana haja ya kusomea kulea watoto, mbona ng'ombe hulea ndama bila shule. Kilabuni wamelicheka hilo mpaka bia ikamwagika. Na wewe ulipowaambia wanawake waache kuwanywesha watoto maji ya mpopi, lile ua la afyuni liletalo usingizi, Malwine wa nyumba ya pili akakuuliza, "Binti, wewe umezaa wangapi?" Ukaenda kulia zizini. Nilikuona.

Basi sikia. Wiki iliyopita Malwine alichemsha vichwa vya mpopi, kama tunavyofanya sote msimu wa viazi, ili mtoto alale mama achimbe. Akamnywesha Alwin wake, akamlaza kikapuni kando ya shamba. Alipokwenda kumnyonyesha, mtoto haamki. Midomo imegeuka rangi. Tukampigapiga nyayo, tukammwagia maji, tukapokezana kutembea naye, na jua lilikuwa limeshuka ndipo akalia. Sijapata kufurahia kelele za mtoto namna ile.

Malwine si mama mbaya. Anampenda yule mtoto kuliko macho yake mwenyewe. Lakini hakufundishwa, mama yake hakufundishwa, wala mimi. Kijana akitaka kushona viatu anakaa kwa fundi miaka, na kiatu kikiharibika ni ngozi tu. Sisi tunakabidhiwa roho ya mtu, halafu tunaambiwa tutajua wenyewe kwa kuwa ni wanawake.

Kesho yake alikuja mlangoni, macho yamevimba. "Mama, yule binti alisema tufanye nini badala yake?"

Nikatoa ule mpira wa sufu nyekundu uliouacha, nikaufunga uzi, nikaubembeza mbele ya Alwin nikimwimbia upo, haupo, kama ulivyonionyesha. Akautazama, akaukamata, akacheka. Malwine akaketi sakafuni akalia tena.

Baba yako alikuwa amesimama pale na koleo lake. Nikamwambia, "Haya Traugott, kamwite ng'ombe wako aje afanye hivi."

"Sasa Mama, huyo binti asiporudi nani atakamua?"

"Una mikono. Au ile ni ya kushikia bia tu?"

Akakuna kichwa mpaka kofia ikaanguka. "Basi amalize," akasema. "Ila asije akanifundisha mimi kucheza mpira." Ujue hapo amekubali. Kusema sawasawa hawezi, tangu utotoni yuko hivyo.

Malwine ameniuliza pia, watoto wakianza kutembea na kuuliza maswali tuwafanyeje, maana mpira hautawatosha. Jibu liko huko kwenye bustani yenu ya watoto, kama mnavyoiita hiyo shule ya wadogo, kwa hiyo kaa ulisomee. Na wakikucheka siku nyingine, simama pale pale. Zizini hapafai kulilia, panachafua gauni.

Shangazi yako Sidonie anakusalimu, na Malwine, na Alwin mwenyewe. Baba yako hakutuma salamu, lakini soksi zilizo katika kifurushi hiki amezichagua yeye, zile nene.

Mungu akulinde, akupe akili na nyama kidogo mwilini. Na usijaribu kuja kwa siri. Kitanda chako nimekiburuta jikoni, wanalala watoto wa majirani mama zao wakiwa shambani. Hapa huna nafasi mpaka uwe umejua la kuwafanyia.

Ni mimi bibi yako, nikupendaye hata nikigomba,

Ernestine