Alichosema Faisal Kambini

Kismayo, Ijumaa baada ya swala

Kwa mwanangu Mwanaharusi,

Assalaam alaykum warahmatullah. Baada ya salamu, nataka kujua hali yako, na mguu wako unaokuuma kwa kusimama kazini, na hali ya mwanao Faisal. Sisi huku hatujambo. Mimi mwenyewe ni mzima kuliko wazee wote wa rika langu. Jana nimeranda mbao tangu asubuhi, na vijana wenye nguvu zao wamekaa kivulini wanajipepea. Wardah, binti wa kaka yako, anakusalimu. Yeye ndiye atakayezipiga picha karatasi hizi akutumie kwa simu. Alitaka nimtamkie aandike yeye, nikamkatalia. Chuoni kisiwani Chovai sikukaa sana, lakini nilichokishika nimekishika. Herufi zikipinda, zisome hivyo hivyo zilivyopinda, na nikiandika mchu badala ya mtu, ndiyo lugha yetu ya Kibajuni.

Naandika kwa sababu kwenye simu huniachi nikamaliza. Nikisema moja wewe umeshasema kumi, kisha unalia, kisha simu inakatika, na mimi sijui ni mtandao au ni wewe. Karatasi huwezi kuikata. Kaa chini usome.

Ile filamu nimeiona.

Mwenyewe uliniambia skuli zilipofungwa kwamba huna wa kumwachia mtoto, na kwamba yule mwanamke mnayefua naye mashuka ya hospitali amekupa habari ya kambi ya watoto ya kanisa lao, msituni kando ya ziwa, kula na kulala bure. Nikakuuliza watamfundisha nini. Ukasema kuogelea na kupanda farasi. Haya, nikakuachia uamue, maana wewe ndiye uliyeko huko Marekani. Kuwa watu wa kamera nao watakwenda kambini kuwapiga watoto filamu, hilo hukunambia, na labda nawe hukuambiwa.

Basi siku moja Wardah akanijia mbio na simu, Faisal yumo kwenye filamu ya Marekani! Akanionyesha kipande kidogo tu, mtoto yumo ndani ya kiboti, amevishwa koti la rangi ya chungwa, anacheka. Mimi nikajua mjukuu wangu amekuwa nyota. Nisingenyamaza. Nilisema msikitini, nikasema sokoni, nikasema bandarini kwa wachu ambao hata hawakuniuliza. Nilimwambia Ishaq, ambaye mjukuu wake alionekana mara moja kwenye video ya harusi, tena mgongo. Nikamwamuru Abdulhamid wa mkahawani aondoe mpira kwenye televisheni yake kubwa aweke filamu yetu. Wakajaa mpaka nje. Hata wavuvi wa kisiwa cha Kudha waliokuja kuuza samaki walikaa.

Mwanzo tu nikaudhika. Mtoto wa Kibajuni anapiga kasia kinyumenyume! Wenzake wanazunguka naye papo hapo kama kuku aliyefungwa mguu, na hakuna mchu mzima wa kumwambia. Ishaq akaniuliza kama hicho ndicho nilichomfundisha. Nikamwambia anyamaze atazame.

Kisha wakaingizwa ukumbini. Pana kijana anapiga gitaa na watoto wameinua mikono, wanalia. Si kilio cha kuanguka, ni kilio cha msiba. Mkahawani kahawa zikapoa mikononi. Wardah alikuwa akitufasiria Kiingereza, na kila akifasiri sauti yake inashuka. Akataka kuzima. Nikamwambia acha, watu nimewaita mimi, aibu nitakaa nayo mimi.

Mwalimu wao aliyewasimamia sitamsema vibaya sana. Kabla ya hapo nilimwona akivua sweta lake akamvika Faisal aliyekuwa akitetemeka kwa baridi. Lakini akawaambia watoto wafungue vinywa, waache itoke lugha ambayo hawakuisoma popote, lugha ya mbinguni. Huyu akaanza, na huyu, na yule. Faisal kimya. Wakamzunguka, wakamwekea mikono kichwani, wote wanamngoja yeye. Mtoto akawatazama, akavuta pumzi, akapiga ukelele: "Haya vuteni, wavivu nyinyi! Mmekula pamba? Mashua haina miguu! Wachu gani nyinyi!"

Mwanaharusi, hayo ni maneno yangu. Ndivyo ninavyowakemea vijana tunapoiburura mashua kuitia majini, neno kwa neno, hata ile sauti ninayoishusha mwisho kaishusha. Yule mwalimu akainua mikono juu, machozi yanamtoka kwa furaha, na chini ya picha wakaandika kwamba mtoto amepewa lugha ya mbinguni.

Mkahawa ulipasuka. Abdulhamid aliangusha sinia la vikombe. Ishaq alicheka mpaka kofia ikamtoka, akasema kumbe huko Marekani matusi yangu mimi Mukhtari yanapigiwa gitaa. Mpaka leo nikipita, watoto wananipigia kelele mashua haina miguu. Nami hasira zangu zilikuwa mbili. Ya kwanza ni dini, hiyo haihitaji nieleze. Ya pili, miaka yote hii nampigia mtoto nikiwa kazini pwani, huku nawakemea vijana, naye ananijibu "hai" na "okei" tu, nikadhani lugha yetu haimo kwake kabisa. Kumbe alikuwa akisikiliza, na akachagua kushika hayo!

Siku ya pili wewe ukapiga. Ukasema wanawake wa msikitini kwenu wamekutumia kipande, ukaona mikono juu na machozi, ukafunga, hukuweza kutazama zaidi. Ukasema umemnyang'anya Faisal simu na huzungumzi naye. Ukasema umepata nafasi Nairobi katika ile nyumba ya dhaqan celis, ya kurekebishia watoto waliopotea, mlango unafungwa kwa kufuli, na atakaa humo mpaka dini imrudie. Mimi nikawa kimya. Ukadhani nimekubali. Mwanangu, lini mimi nimekubali jambo kwa kunyamaza?

Nilinyamaza kwa sababu asubuhi ile nilikuwa nimechukua simu ya Wardah nikaitazama filamu peke yangu. Sikufichi, nilitaka kujisikia tena, jinsi maneno yangu yalivyopaa. Mkahawani kicheko kilifunika yaliyofuata. Baada ya ule ukelele, mwalimu anamkumbatia mtoto, gitaa linalia, na Faisal mdomo wake uko begani kwa yule mwalimu, unacheza. Nikaitia simu sikioni. Nikairudisha nyuma. Nikamwita Wardah asikilize, huenda masikio yangu yamezeeka. Alisikia kama nilivyosikia, akaniachia simu akaingia ndani.

Mwanao anasema hivi, kwa lugha yetu: "Babu, nimelia, nimelia. Wamesema nisipolia mama ataungua motoni. Njoo unitwae."

Basi ndiyo mikono hiyo. Ndiyo machozi hayo uliyoona haya nayo mbele ya wanawake wenzio. Mtoto hakutoka katika dini, alikuwa anakutoa wewe katika moto, kwa njia aliyoambiwa. Nawe sasa unataka kumfungia mahali ambapo ataambiwa kwamba atakayeungua ni yeye. Ana miaka tisa! Kila mchu mzima anayemkuta ana habari za moto za kumpa. Nimechoka nao wale, nimechoka na hawa, na wewe pia umenichosha.

Sasa sikiliza nililolifanya. Wardah alinitafutia namba ya yule bwana wa Nairobi, nikampigia. Nikamwambia mimi ndimi babu yake Faisal, na kitanda kile ampe mwingine. Akasema yeye anazungumza na mama wa mtoto. Nikamwambia mama wa mtoto ni mtoto wangu. Akataka kunipa mawaidha, nikamwambia akawape waliomwomba. Amefuta jina. Nimefanya bila idhini yako na radhi sikuombi. Ukikasirika, nikasirikie mimi, nimezoea.

Mrudishie simu yake. Kila siku nikitoka kazini nitampigia, nitamsomesha alhamdu na sura fupi mwenyewe, kwa sauti ya chini, wala sitamtia hofu. Sauti ya chini ninayo, ingawa Ishaq anabisha.

Wote hapa wanakusalimu, na Abdulhamid anasema vikombe vilivyovunjika amesamehe. Mguu wako ukande kwa maji ya moto na chumvi, usidharau.

Kabla hujanijibu mimi kwa hayo maneno yako kumi, inuka uende kwa Faisal. Mwambie mama haungui. Kisha mwambie babu amesikia.

Mimi baba yako,
Mukhtari bin Athmani wa Chovai,
fundi wa mashua