Utafiti Haukumtaka Festo

Jumanne. Mbinga imeamkia ukungu na baridi ya kupasua midomo, nami nimeamka na hasira ya jana.

Mdogo wangu Festo alianza kuvuta bangi kule nyumbani Lundo, kando ya ziwa, alipoingia kwenye uvuvi. Baadaye zikaja sauti. Anasema ni watu walio chini ya maji wanaomwita kwa jina. Siku moja walimwamuru atupe nyavu za baba ziwani, akazitupa zote. Tangu hapo mama huficha visu.

Niliposikia kuna watafiti wamefika hapa mjini wanajaribu tiba ya kuwasaidia watu kuacha bangi, nilituma ujumbe nyumbani apande huku haraka. Nilifurahi kama mjinga.

Alifika juzi. Alikuwa amenyoa ndevu, na alikuwa hajavuta tangu atoke nyumbani. Jana asubuhi jasho lilimtiririka kwenye baridi hii, lakini akaenda kwa watafiti kwa miguu yake mwenyewe.

Mtafiti alikuwa dada mpole. Aliuliza taratibu, na Festo akajibu kila kitu bila kuficha. Alipotaja sauti, kalamu ya yule dada ikasimama.

Akageuka kwangu, si kwake. "Samahani, dada. Wenye ugonjwa wa akili hatuwaingizi, wataharibu matokeo. Mpeleke kwanza hospitali, sauti zikitulia mrudi."

Wataharibu matokeo.

Simchukii. Najua utafiti una kanuni zake, na yeye hakuzitunga. Lakini Festo alikuwa amekaa palepale, anasikia.

Tukaenda hospitali. Muuguzi wa zamu alikuwa mama mtu mzima. Tulimpa shikamoo, akaitikia vizuri, akasikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, "Mwanangu, dawa ninazo. Ila anayevuta bangi nikimpa dawa ni kazi bure. Aache kwanza, ndipo umlete."

Nikamweleza tulikotoka na tulichoambiwa. Akainua mabega, akamwita mgonjwa mwingine.

Nje Festo alicheka, kicheko kibaya. "Dada, kumbe wanatafuta dawa ya kuwatibu wazima."

Jioni alitoka bila kuaga, akarudi ananuka bangi. Sikumgombeza. Ningemgombeza kwa lipi? Huku anaambiwa apone sauti ndipo asaidiwe kuacha bangi. Kule aache bangi ndipo atibiwe sauti. Katikati hapo ndipo anapoishi, yeye na mama yetu.

Kinachonichoma zaidi ni kwamba aliponzwa na ukweli. Angedanganya, wangempokea.

Naye ameshalifahamu hilo. Asubuhi hii, kabla sijanywa chai, alinijia na macho mekundu. "Turudi kwa yule dada. Nitasema nilikuwa namtania, sisikii kitu."

Kwa kitambo nilitaka kukubali. Mungu anisamehe, nilikuwa natafuta viatu vyangu.

Kisha nikamwambia hapana. Akidanganya, watamtibu mtu ambaye si yeye, na zile sauti atabaki nazo peke yake. Tunarudi hospitali, na safari hii hatuondoki mpaka daktari mwenyewe amwone.

"Na yeye akisema niache kwanza?" akaniuliza.

Nimevaa viatu vyangu. Naandika haya harakaharaka, na yeye yuko mlangoni ananisubiri.