Vishimo Chini ya Rangi

Lodwar

Dada yangu Nyawira,

Nimekuficha jinsi mumeo alivyokufa. Naanza na hilo kwa sababu mkono umedhoofika, huenda nisiumalize ukurasa. Goti lako linaendeleaje? Kahawa imechanua? Huku ni joto na vumbi. Daktari ameacha kunibadilishia dawa, nami nimeelewa.

Unaikumbuka ile mashua ya alumini ya bwawa la mpunga, iliyoletwa kwenye karakana yangu pale Kutus. Ilikuwa kuukuu. Nilipong'oa mbao za sakafu, zilizokuwa zimelowa miaka mingi, nilikuta unga mweupe, na chini ya unga vishimo tele, kama uso wa mtu aliyeugua ndui. Kimoja nilikidunga kwa msumari. Ukatokea upande wa pili bila nguvu.

Nilifundisha vijana ufundi wa vyuma miaka ishirini. Nilijua la kufanya: kukwangua mpaka alumini safi ing'ae, kukata palipooza, kuchomelea kipande kipya. Lakini alumini haichomelewi kama geti. Inataka gesi yake, na mtungi ulikuwa haujafika kutoka Thika. Wenye bwawa walinihimiza. Magugu yalikuwa yameziba mfereji na mpunga unakauka. Nikafuta vishimo kwa spiriti, nikavijaza fila, ile ya kuziba bodi za magari, nikapaka rangi ya kijani mara mbili. Ikapendeza.

Asubuhi iliyofuata Muriuki wako alikuja kuichukua, akang'oe magugu. Akaizunguka, akaigonga kwa kidole.

"Shemeji, hii mashua imepona ama umeipaka poda tu?"

"Iko sawa. Wewe unaogopa maji."

"Mimi ni mtu wa kahawa. Kuogelea niliachia bata."

Tukaipakia kwenye pikapu. Saa sita wakaja kuniambia amezama.

Mashua ilipovutwa nchi kavu, fila ilikuwa imebanduka. Tundu lilipitisha kidole gumba changu. Hakuna mwingine aliyetazama huko. Wote walitazama chupa ndogo ya pombe kali iliyokutwa imekwama chini ya kiti. Mzee wa kanisa aliinusa, akatikisa kichwa.

"Na ati alikuwa haonji."

Kwa sababu ya chupa hiyo mchungaji alikataa mwili uingizwe kanisani. Mkamzika kando ya ua bila wimbo, na watoto wako wakaitwa wa mlevi. Wewe peke yako ulisema Muriuki hajawahi kugusa pombe, ukanigeukia nikuunge mkono. Nikatazama viatu vyangu. Mwezi uliofuata nikahamia huku.

Msalimie Gichuki, mwanao mkubwa, na Wambui mkewe, na mama mkwe wako ikiwa angali hai. Mpe mchungaji barua hii aisome mbele ya watu wote, Jumapili, si ofisini kwake.

Chupa ile ilikuwa yangu. Niliitilia spiriti ya kufutia alumini, nikaisahau chini ya kiti.

Kaka yako,
Wachira