Kumshusha Mama Mkwe

Jumatatu, 4 Februari 1974

Nimefungua boneti ya gari la kliniki kabla ya chai, kama kawaida. Maji ya rejeta yamepungua tena, kiasi cha kikombe. Ni lile tundu la chini. Nimelisiliba kwa sabuni ya mche, litashika siku mbili tatu. Mbegu za nyasi zilizonasa kwenye rejeta nimezichokonoa kwa mswaki wa zamani wa Nakundwa. Mke wangu anacheka, anasema gari nalipiga mswaki kuliko meno yangu. Mkanda wa feni mzima.

Nimempeleka Sista Eliamini, muuguzi wetu, kliniki ya watoto Mwembe. Tumerudi bila kuchemsha. Mguu wa kushoto haukupumzika juu ya klachi hata mara moja. Dereva aliyenifundisha kwenye shamba la mkonge alikuwa akinigonga goti: kanyaga au acha.

Jumatano, 6 Februari

Siku mbaya. Nimepewa amri na ofisi ya wilaya ya kubeba mizigo ya watu wanaohamishiwa kijiji kipya cha ujamaa. Nikasema gari hili ni la mama na mtoto. Nikajibiwa kwamba hao nao wana mama na watoto. Kweli. Nikafungua mlango wa nyuma.

Milango, mabati, mawe ya kusagia, mbuzi watano. Bibi mmoja alikumbatia kuku wake njia nzima. Safari nne. Kwenye mwinuko wa mchanga nikasikia harufu ya klachi kuungua. Nimeona aibu kama niliyempiga punda mzee.

Alhamisi, 7 Februari

Klachi inateleza. Injini inanguruma, gari halisogei. Fundi amekaza kidogo. Anasema pleti ya klachi imekwisha, mpya mpaka itoke Dar es Salaam. Kwa sasa nibebe mzigo mwepesi na nisisimame mlimani.

Mlimani ndiko kazi yangu iliko.

Jumamosi, 9 Februari

Shemeji Elinaja, kaka yake Nakundwa, ameshuka kwa miguu toka Mbaga, huko milimani. Mama yao alikwenda kufungulia maji kwenye ndiva, lile bwawa la kumwagilia mashamba, akateleza ukingoni. Paja limevunjika. Amelala tangu juzi. Walijaribu machela, wakamrudisha ndani kabla ya kutoka uani, kwa maumivu.

Niandike ukweli. Mama huyu hanitaki. Mimi ni Mnyaturu niliyekuja huku kukata mkonge, na yeye alitaka binti yake aolewe na kijana wa usharika wao. Miaka minne namwamkia shikamoo, ananijibu marahaba. Basi.

Nakundwa hakuniomba kitu. Alikaa mlangoni na ungo mtupu mapajani. Nimekwenda mwenyewe kwa Sista. Amenipa ruhusa na godoro la kliniki.

Jumapili, 10 Februari



Tulitoka alfajiri, kabla jua halijawa kali. Mimi, Nakundwa, shemeji, madumu matatu ya maji. Tulipanda kwa gia ndogo, bila haraka. Tumechemsha mara mbili. Kila mara niligeuza gari lielekee upepo, nikafungua boneti, nikangoja. Shemeji alitaka kufungua mfuniko wa rejeta ukiwa bado moto. Nilimshika mkono kwa nguvu, nikamwomba radhi baadaye.

Mama mkwe tulimkuta amekauka midomo. Nilimwamkia. Aliitika, akageuza uso ukutani. Wanawake wa jirani walimfunga mguu kwa mbao na kanga. Alipoinuliwa aliuma kitambaa.

Kushuka hakukuwa shida. Shida ni ule mgongo mmoja wa kupanda katikati ya njia. Tulifika nusu yake, klachi ikaachia. Harufu ile ile. Nilitaka kulia. Nikaliacha gari lirudi nyuma pole pole kwa breki mpaka kwenye tambarare, nikaweka mawe. Kila mwenye miguu ilibidi ashuke. Nakundwa alimfunika mama yake, akanitazama, akatangulia kupanda na kaka yake.

Tukabaki wawili, mama mkwe nyuma juu ya godoro, mimi nje kando ya mlango. Rejeta inachemka. Sikujua niweke wapi macho yangu. Si desturi mtu kubaki peke yake na mama mkwe.

Kisha akauliza kama mama yangu yu hai. Nikasema yu hai, yuko Singida. Akauliza aliniona lini mara ya mwisho. Nikasema miaka tisa.

"Anaitwa nani?"

"Nyamwiru, mama."

Akalitamka jina hilo taratibu, mara mbili, apate kulizoea.

Maji yalibaki nusu dumu. Nikammiminia kikombe. Alichovya midomo, akanirudishia.

"Lipe gari. Mimi nitakunywa Same."

Rejeta ilipopoa niliijaza. Niliondoka tambarare, nikaachia klachi mara moja tu, sikuigusa tena. Gari lilipanda kama kikongwe anayekwenda ibadani, halina mbio lakini halisimami. Juu kabisa Nakundwa alikuwa amesimama, kiganja mdomoni.

Saa kumi jioni tukaingia hospitali ya Same.

Jumatatu, 11 Februari

Mfupa umenyooshwa. Mguu umening'inizwa na uzito. Daktari anasema atatembea, kwa fimbo. Nakundwa kalala kwenye benchi, kiatu kimoja mguuni.

Asubuhi gari limegoma kabisa. Gia inaingia, magurudumu hayageuki. Tumelisukuma hadi kwa fundi. Nimekaa kwenye usukani kitambo, bila sababu.

Ijumaa, 15 Februari

Pleti bado. Sista anakwenda kliniki kwa baiskeli na hanilaumu. Ningependa anilaumu.

Jumapili, 24 Februari

Pleti ilifika jana. Fundi atafunga kesho.

Mchana nilikwenda wodini. Nakundwa alikuwa akimkata mama yake kucha. Nikaamkia, nikabaki nimesimama mlangoni na kofia mkononi, kama ninavyofanya siku zote. Mama mkwe alivuta kikapu chake kutoka kwenye kiti, akakiweka sakafuni.

Nikakaa. Nje wagonjwa walikuwa wanaota jua. Nilikaa mpaka kengele ya wageni ilipogongwa.