Keki za Pipi za Krismasi, na Kwa Nini Sirudi Kondoa

Tunduma,
Jumapili mchana

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo, na usiitikie haraka, kaa kwanza uvae miwani. Goti linaendeleaje? Ile dawa ya kuchua niliyompa dereva akuletee imefika, au naye aligundua ana goti? Mvua huko Kondoa zimeanza au bado mnatazama mawingu? Huku inanyesha kana kwamba imegombana na mtu, na baridi yake inaingia mpaka kwenye mifupa. Mimi ni mzima, nakula, nalala, na mashavu yamejaa kidogo, jambo ambalo najua litakufurahisha.

Nimeandika kwa sababu simu imenishinda. Kila nikikupigia, Kaka Omari anaichukua katikati ya maneno, anaweka sauti kubwa, na nyumba nzima inaanza kunishauri. Barua haina sauti kubwa. Isome peke yako, ukimaliza ukitaka msomee.

Mama, jibu ni hapana. Sirudi Kondoa. Nimelitanguliza ili usisome yaliyobaki huku unalitafuta.

Najua Kaka anavyosema: mwanamke aliyeachwa mahali pake ni kwa kaka yake. Tangu mume wangu avuke mpaka akaoe Nakonde, akaniachia talaka na masufuria mawili, Kaka anasubiri nishindwe. Sasa amesikia nawauzia madereva keki za pipi za kanisani, anaona amepata sababu, na amesema mwisho wa mwezi anakuja kunichukua. Na wewe nilikusikia kwa nyuma ukisema, "Msikilize kaka yako." Hilo liliniuma kuliko talaka. Ndiyo maana nataka habari ya keki uipate kwangu mimi niliyezipika.

Jirani yangu hapa ni Mama Faraja, mtu wa Ihanda, kwao wanalima kahawa. Jumapili anafundisha watoto kanisani kwao. Krismasi walinunua pipi za kugawia watoto, lakini siku yenyewe mvua ilipiga tangu alfajiri na watoto wengi hawakuja. Ikabaki ndoo nzima chini ya kitanda chake. Kwa unyevu wa huku, baada ya wiki mbili pipi zilikuwa zinatoa maji, zimeshikana na makaratasi yake, na sisimizi wamepanga mstari. Akaniletea mlangoni.

"Mama Keki," akasema, "nikitupa ni dhambi, nikila meno yataisha. Wewe ndiye unayejua mambo ya sukari, hebu zitazame."

Sukari yangu ilikuwa imeisha, na keki bila sukari ni mkate wenye majivuno. Akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki. Nikaipokea ndoo.

Tulikaa kwenye mkeka tukachambua. Zile za jeli tuliziweka pembeni, maana sijui zimegandishwa kwa kitu gani, na aliyenikumbusha ni Mama Faraja mwenyewe: "Hizi ninyi si hamli?" Kaka aliponiuliza kama najua ninachowalisha Waislamu wenzangu nilitaka kumweleza hili, lakini alikuwa bado anaongea yeye. Zikabaki tofi, chokoleti ndogo za duara na pipi ngumu za kila rangi.

Mara ya kwanza nilijifanya fundi. Nikatumbukiza tofi nzima nzima kwenye rojo la keki. Unajua ninavyooka: sufuria kubwa lenye mchanga, la keki ndani yake, mfuniko, na makaa juu ya mfuniko. Tofi zikayeyuka, zikazama, zikagandia chini kama lami. Tulichimba keki kwa kijiko, mimi na Mama Faraja, tukaila yote tukicheka, na siku hiyo sikuuza kitu. Mara ya pili tofi niliziyeyusha pembeni na maziwa na kijiko cha siagi, moto mdogo, nikamwagia juu keki ikiwa bado ya moto. Chokoleti nilizikatakata nikazichanganya na kahawa nzito ya Ihanda. Hiyo hata wewe usiyependa kahawa ungeomba kipande cha pili. Pipi ngumu nikazitwanga kwenye kinu, nikazichekecha, na unga wake ndio ukawa sukari yangu.

Hapo ndipo nilipoharibu. Kumbe ndani ya zile pipi ngumu kulikuwa na pipi kifua, zile kali zinazofungua pua. Maandishi ya makaratasi yalikuwa yamefutika, rangi zimechanganyikana, sikuzitambua. Nikatwanga zote pamoja. Machozi yalinitoka pale kwenye kinu, nikadhani ni mafua yananianza. Nikaoka, nikajaza ndoo yangu, nikabeba chupa ya chai ya tangawizi, nikaenda kwenye foleni.

Foleni yetu ni ya malori yanayosubiri kuvuka kwenda Zambia. Yanaweza kusimama siku mbili, hata tatu, na madereva wanalala humo humo na hii baridi. Wa kwanza kununua alikuwa Mzambia, mtu mzima. Aling'ata, akaacha kutafuna, akanitazama.

"Mayo," akasema, maana huku mama anaitwa hivyo na Wabemba, "hii keki au dawa?"

Mama, nilitamani nigeuke nirudi nyumbani na ndoo yangu. Badala yake kiburi ndicho kilichonijibia.

"Vyote viwili. Una mafua?"

"Nina mafua siku ya tatu leo."

"Basi maliza, na chai unywe ikiwa ya moto."

Akamaliza. Akavuta pumzi kwa pua zote mbili, akacheka, akawaita wenzake. "Natotela sana, Mayo!" Ahsante hiyo niliibeba siku nzima. Kesho yake nilipofika waliniuliza lori kwa lori, "Ile ya kifua ipo?" Pipi za Krismasi zimeshaisha, Mama. Sasa pipi kifua nazinunua kwa makusudi, nazitwanga kwa kipimo, na Mama Faraja anaoka pamoja nami.

Habari zilifikaje Kondoa? Dereva mmoja ni mtu wa huko kwetu. Alikula vipande vitatu, akashiba, ndipo akaenda kunisema kwa Kaka. Kaka akapiga simu anafoka: "Unatutia aibu! Pipi za Krismasi!" Nikamwambia sukari haijabatizwa. Akakata.

Sisemi huku ni raha. Kuna siku mvua inazima makaa, keki inadoda katikati, nakaa nalia kwa hasira. Nakukumbuka mpaka naumwa. Lakini nalia kwenye chumba changu, na nikimaliza napanga moto upya, hakuna anayeniuliza nalia nini.

Mama, Baba alipofariki ukoo ulikaa kikao wakakuambia ufunge nyumba ukakae kwa Baba Mkubwa. Nilikuwa nyuma ya mlango. Uliwaambia, "Nyumba hii ina mlango, na ufunguo ninao mimi." Kesho yake ukaanza kukaanga karanga, ukaziuza stendi, na Kaka Omari akasoma kwa karanga hizo hizo anazoziona leo ni aibu zikiwa keki. Sasa unaniambia nisikilize. Nimesikiliza, Mama. Nimemsikiliza yule mwanamke wa siku ile.

Nisalimie Shangazi Hadija, aliyenifundisha kupasua yai bila kuangusha ganda. Msalimie na mzee jirani anayekuchungia mbuzi, mwambie Mungu amzidishie subira, maana mbuzi wako nawajua. Wifi Saumu, mke wa Kaka, mpe pole ya watoto wanne. Mwambie najua wanamchosha, na namhurumia kwa dhati, lakini Kaka akitaka msaidizi wa nyumbani atafute msaidizi, asiitumie talaka yangu.

Na Kaka mwenyewe msalimie sana. Ni ndugu yangu, nampenda, na sijamkataza kuja. Nitampa kitanda, mimi nitalala kwenye mkeka. Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe: siku ya tatu atabeba ndoo, tutakwenda wote kwenye foleni, aione hiyo aibu kwa macho yake na aionje. Ila kabla hajaondoka huko, Mama, mkumbushe jambo moja: tiketi ya kurudi akate ya mtu mmoja.

Mwanao akupendaye,
Zuhura